Je, ni salama kutibiwa UTI na mfamasia bila kupitia kwa daktari?

#1. Mwandani

Salaam, wanajukwaa. Naleta kwenu jambo lililozua ubishi nyumbani kwetu, nikitumaini kwamba humu wamo wanaolijua kwa undani kuliko sisi.

Jumamosi usiku nilianza kusikia mkojo unachoma. Hadi kunakucha nilikuwa nimekwenda chooni mara saba, kila mara nikitoa matone tu, huku chini ya kitovu pakiuma na kubana. Ugonjwa huu ulinipata pia miaka miwili iliyopita, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa kwamba ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Asubuhi nilikwenda duka la dawa nikiwa na jina la dawa mdomoni, nikiamini kwamba nitalipa na kuondoka. Mfamasia hakuniuzia. Alinikaribisha kwenye chumba cha pembeni, akafunga mlango, akaniuliza maswali kwa muda wa robo saa hivi, mengine ya faragha kabisa. Mwishowe alinipa antibiotiki iitwayo nitrofurantoini, ya siku tatu, ambayo siyo dawa niliyokuwa nimeitaja, akaniandikia kwenye karatasi dalili ambazo nikiziona niende hospitali bila kusubiri. Siku ya pili jioni maumivu yalikuwa yamekwisha.

Shemeji yangu ni daktari. Aliposikia habari hii alisema kwamba nimetibiwa kwa kubahatisha: mkojo haukupimwa, siku tatu hazitoshi kuua bakteria, na kazi ya mfamasia ni kutoa dawa iliyoandikwa na daktari, si kuamua mgonjwa anaumwa nini. Mimi naona niliulizwa maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa na daktari yeyote kuhusu mkojo. Je, nani yuko sahihi?

#2. Kijito_Baridi

Pole, dada. Nami nilitibiwa hivyo hivyo mwaka jana na sikuhitaji kurudi. Nafuatilia.

#3. Tabibu_Mstaafu

Nitamtetea shemeji yako, ingawa si katika yote aliyoyasema.

Mkojo kuchoma ni dalili, si ugonjwa. Katika miaka yangu ya kazi nimeona dalili hiyo ikiletwa na magonjwa ya zinaa (klamidia, kisonono, trikomonasi), fangasi ukeni, jiwe lililokaribia kibofu, ukavu wa uke baada ya ukomo wa hedhi, hata sabuni ya kuogea iliyobadilishwa juzi. Kwa wale wanaooga au kufanya kazi kwenye maziwa na mito yenye konokono, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho, na hapo hakuna antibiotiki itakayosaidia, kwa sababu kinachohitajika ni dawa ya minyoo, prazikwanteli. Daktari anaweza kumlaza mgonjwa kitandani, akampapasa tumbo, akamgonga ubavuni kuona kama figo inauma, na akaagiza vipimo papo hapo. Mfamasia ana maneno ya mgonjwa peke yake. Ninaogopa siku ambapo maneno hayo yatakuwa pungufu.

#4. Kinu_na_Mchi

Mimi ni mfamasia, na ninamshukuru Tabibu kwa orodha yake, kwa maana ndiyo hiyo hiyo inayotufanya tuulize maswali yote ambayo Mwandani aliyashangaa. Niruhusuni nieleze kila swali lina kazi gani, kwa sababu naona watu wengi hudhani tunapoteza muda wao.

Tunauliza homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni au mgongoni, kwa sababu hizo ni dalili kwamba maambukizi yamepanda kwenye figo. Nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo, lakini haifiki kwa kiwango cha kutosha kwenye damu wala kwenye nyama ya figo. Nikimpa mwenye maambukizi ya figo dawa hiyo, nitakuwa nimempa matumaini tu huku ugonjwa ukiendelea. Tunauliza ujauzito, kwa sababu mjamzito anahitaji kupimwa mkojo na kufuatiliwa, na pia kwa sababu baadhi ya dawa hizi zina miezi yake ya kuepukwa: trimethoprimu katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa inaingilia kazi ya vitamini ya foliki asidi, na nitrofurantoini mimba inapokaribia kuzaliwa. Tunauliza kama kuna uchafu au muwasho ukeni, kwa sababu jibu la ndiyo linapunguza sana uwezekano wa UTI na kutupeleka kwenye magonjwa mengine aliyoyataja Tabibu.

Tunauliza pia kisukari, ugonjwa wa figo, mpira wa mkojo, mzio, na ni mara ngapi umeugua katika miezi ya karibuni. Anayeugua mara 2 katika miezi 6, au mara 3 katika miezi 12, huhesabiwa kuwa na UTI inayojirudia, na huyo simpi dawa. Namwandikia barua aende kwa daktari. Sitaki kuwa daktari. Ninachotaka ni kumtibu yule mwenye ugonjwa mwepesi ulio wazi, na kumtambua mapema yule ambaye wake si mwepesi.

#5. Kalamu_Nyekundu

Kuhusu siku tatu, shemeji wa Mwandani amekosea, au tuseme amebaki kwenye mafunzo ya zamani. Kwa mwanamke asiye mjamzito, mwenye maambukizi ya kibofu yasiyo na utata, mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2018 unataja nitrofurantoini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Mwongozo wa Marekani unataja siku 5 kwa dawa hiyo hiyo. Fosfomaisini, antibiotiki nyingine, hutolewa gramu 3 kwa mara moja tu, basi. Katika mwongozo huo wa Uingereza, siku saba ni za mwanamume au mjamzito.

#6. Tabibu_Mstaafu

Nakubali masahihisho ya Kalamu, ila naomba msiyachukue kama neno la mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha nitrofurantoini ya siku 5 na fosfomaisini ya mara moja, na baada ya siku 28 waliokuwa wamepona kabisa walikuwa asilimia 70 kwa dawa ya kwanza na asilimia 58 kwa ya pili. Ufupi wa dozi una faida zake, lakini si bure.

#7. Darubini

Nafanya kazi maabara, na ningependa kulisemea hili la mkojo kutopimwa, kwa sababu kipimo kinapewa heshima kuliko kinavyostahili.

Kijiti kile cha kuchovya kinaangalia zaidi vitu viwili: dalili za chembe nyeupe za damu, ambazo wengi huziita usaha, na naitriti. Naitriti hutokea pale bakteria wanapoibadilisha naitreti iliyomo kwenye mkojo, na kazi hiyo inahitaji muda. Mkojo unatakiwa uwe umekaa kwenye kibofu kama saa nne. Sasa mfikirie Mwandani aliyekwenda chooni mara saba usiku mmoja. Mkojo wake haukukaribia saa hizo nne. Zaidi ya hapo, wapo bakteria wasioitengeneza naitriti kabisa, kama Staphylococcus saprophyticus na enterokoki. Kijiti kikikataa, hakijathibitisha kwamba hakuna ugonjwa.

Na kikikubali nacho kina mitego. Nimeletewa chupa nyingi ambazo mkojo ulikingwa tangu tone la kwanza, bila kujisafisha, zikiwa zimekaa juani tangu asubuhi. Ndani yake kuna chembe za usaha na bakteria wa ngozi, na majibu yanarudi kwa mgonjwa yakisema ana UTI. Kipimo kinachoaminika ni kuotesha mkojo, ambacho huchukua siku moja hadi tatu kutoa majibu, na mtu anayechomwa kila anapokojoa hawezi kuambiwa asubiri siku hizo zote mikono mitupu.

#8. Baharia_wa_Bara

Mimi nilifukuzwa, ndugu zangu. Nilikuwa na dalili zile zile za Mwandani, nikaingia duka la dawa, nikajieleza vizuri kabisa, na mfamasia akaniambia kwamba hawezi kunitibu kwa kuwa mimi ni mwanamume. Niliona ni ubaguzi, na bado naona hivyo.

#9. Kinu_na_Mchi

Kaka Baharia, pole kwa jinsi ulivyojisikia, lakini mfamasia huyo alikutendea wema. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita 4, na uko karibu na njia ya haja kubwa, kwa hiyo bakteria wa utumbo wanafika kwenye kibofu kwa urahisi. Wa mwanamume unakaribia sentimita 20. Bakteria wakiwahi kufika huko juu, ni lazima tujiulize wamepitaje: je, tezi dume imevimba na kuzuia mkojo kutoka wote, kuna jiwe, au ni ugonjwa wa zinaa? Maambukizi yakiwa ndani ya tezi dume, dawa ya siku tatu haitayagusa. Je, ulikwenda hospitali baadaye?

#10. Baharia_wa_Bara

Nilikwenda, baada ya siku mbili za kununa. Ilikuwa tezi dume. Nimekuelewa.

#11. Ua_la_Asubuhi

Nimesoma namba 4 mara mbili, nikawa natamani mfamasia wa namna hiyo angenipata miaka mitatu iliyopita.

Nilitibiwa UTI mara nne ndani ya mwaka mmoja, kwenye maduka matatu tofauti. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu uchafu ukeni, na mimi, kwa aibu, sikusema, kwa sababu nilikuwa nimesimama kaunta na watu wawili nyuma yangu. Kila mara nilipata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi. Nilipokuja kupimwa vizuri ilikuwa klamidia, na nikaambiwa kwamba imekwisha kupanda kwenye mirija ya uzazi. Hadi leo sijui kama nitapata mtoto. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nataka mjue kwamba duka la dawa lenye chumba cha faragha na duka la dawa lenye kaunta tupu ni vitu viwili tofauti, hata kama wote ndani yake wana vyeti.

#12. Kijito_Baridi

Dada Ua, pole sana. Asante kwa ujasiri wa kuandika.

#13. Nyuki_Mtulivu

Nami nampa pole Ua. Hata hivyo ningependa kuuliza kwa heshima: ingekuwa tofauti kwa daktari? Mimi nimekaa mbele ya daktari kwa dakika tatu, hakuinua macho, nikamwambia mkojo unachoma, akaandika siprofloksasini. Hakunigusa ubavu wala kuniuliza kitu. Hicho kitanda anachokisifia Tabibu kilikuwepo chumbani, lakini sikulazwa juu yake.

#14. Tabibu_Mstaafu

Nyuki, hilo halina utetezi. Na siprofloksasini kwa maambukizi mepesi ya kibofu ni kosa la pili juu ya la kwanza. Tangu mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba dawa za kundi hilo zisitumike kwa UTI nyepesi pale ambapo kuna dawa nyingine, kwa sababu ya madhara kwenye kano za misuli, mishipa ya fahamu na akili. Kano ya kisigino inaweza kukatika. Mtu anakuja na mkojo unaochoma, anaondoka na mguu mbovu.

#15. Msafiri_Mkimya

Naona tunajadili kana kwamba jambo hili ni geni. Uingereza wameanza kuwaruhusu wafamasia kutibu UTI tangu tarehe 31 Januari 2024, katika mpango wa magonjwa saba, kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64. Mimi naona kama nchi yenye madaktari wengi kiasi kile imeona inafaa, hakuna haja ya kubishana.

#16. Kalamu_Nyekundu

Msafiri, tarehe na umri ni sahihi, lakini neno letu «Uingereza» linatuchanganya hapa, kwa kuwa tunalitumia kwa Uingereza yenyewe na kwa ufalme wote. Mpango wa 2024 ni wa Uingereza yenyewe. Skoti walikuwa wametangulia tangu 2020. New Zealand walitangulia zaidi: mwaka 2012 waliwaruhusu wafamasia waliopata mafunzo maalumu kutoa trimethoprimu kwa wanawake wenye UTI nyepesi. Jimbo la Queensland huko Australia lilianza majaribio yake 2020, na Ontario nchini Kanada iliingiza UTI kwenye orodha ya magonjwa madogo ya wafamasia tarehe 1 Januari 2023.

Wala si kweli kwamba hakukuwa na ubishi. Huko Queensland vyama vya madaktari vilipinga vikali, kwa hoja zile zile za Tabibu na za shemeji wa Mwandani.

#17. Msafiri_Mkimya

Kalamu, jina lako unalitendea haki, nami nashukuru kwa masahihisho. Naongeza basi kwamba huko New Brunswick, Kanada, walifuatiliwa wagonjwa 750 waliohudumiwa na wafamasia, na asilimia 88.9 walipona.

#18. Tabibu_Mstaafu

Utafiti huo naufahamu, na ni wa heshima. Lakini haukuwa na kundi la kulinganishwa nalo. Maambukizi ya kibofu yana tabia ya kupona yenyewe kwa wagonjwa wengi. Huko Ujerumani mwaka 2015 walichapisha utafiti ambao baadhi ya wanawake walipewa dawa ya maumivu, ibuprofeni, badala ya antibiotiki, na kama theluthi mbili yao hawakuhitaji antibiotiki baadaye. Kwa hiyo anayepona mikononi mwa mfamasia, au mikononi mwangu, huenda angepona hata bila sisi.

#19. Mama_Pacha

Tabibu, naomba usiliache hilo likining'inia, kwa maana kuna mtu atasoma na kuamua kukaa nyumbani na vidonge vya maumivu.

#20. Tabibu_Mstaafu

Umenikosoa kwa haki, mama. Katika utafiti huo waliopewa ibuprofeni waliteseka zaidi kwa maumivu, na waliopata maambukizi ya figo walikuwa wengi zaidi upande wao kuliko upande wa antibiotiki. Norwe na majirani zake nao walichapisha jaribio kama hilo mwaka 2018 lililoonyesha vivyo hivyo. Mjamzito, mwenye homa na mwenye maumivu ya ubavuni wasithubutu kusubiri.

#21. Mama_Pacha

Asante. Nimeuliza kwa sababu nilipokuwa na mimba ya pacha mkojo wangu ulioteshwa ukaonyesha bakteria wakati sina dalili yoyote, na niliambiwa kwamba kwa mjamzito hali hiyo inatibiwa ili isipande kwenye figo. Nilifuata ushauri. Kwa asiye mjamzito niliambiwa haitibiwi. Je, ni kweli?

#22. Darubini

Ni kweli, na ndilo jambo ninalotamani lisomwe zaidi katika uzi huu. Bakteria kwenye mkojo bila dalili hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito na kwa mtu anayekaribia upasuaji fulani wa njia ya mkojo. Wazee wengi wanao na hawawasumbui.

#23. Mwana_wa_Mzee

Afadhali umesema. Mama yangu ana miaka 81 na ana kisukari. Kila akipimwa mkojo kunakutwa bakteria, na kila mara anapewa antibiotiki, ingawa hana homa wala haumwi anapokojoa. Mara ya mwisho ni mfamasia aliyesimama kati. Aliona kwamba mama anatumia dawa ya shinikizo la damu yenye tabia ya kupandisha potasiamu, na aliyoandikiwa ilikuwa kotrimoksazoli, ambayo ndani yake kuna trimethoprimu inayopandisha potasiamu pia. Kwa mzee mwenye figo zilizochoka, potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama. Alimpigia simu daktari mbele yangu, wakazungumza kwa adabu, dawa ikafutwa. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema mfamasia kazi yake ni kutoa tu kilichoandikwa, moyo unaniuma.

#24. Nyuki_Mtulivu

Hapa ndipo penye hofu yangu kubwa, yaani usugu. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu. Alexander Fleming mwenyewe, akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba mtu akijitibu kwa dozi pungufu atawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Tukiongeza milango ya kutolea antibiotiki, tunaongeza usugu, hata kama kila mlango una mtu mwema amesimama.

#25. Kinu_na_Mchi

Nyuki, hofu yako ni yangu pia, ila naitazama kutoka upande mwingine wa kaunta. Mlango ambao tayari uko wazi ni ule wa mtu anayeingia na kusema, «Nipe vidonge vinne vya ile ya rangi mbili.» Huyo hajaulizwa chochote na hakumaliza dozi. Utaratibu unaompa mfamasia orodha ya maswali, dawa moja ya chaguo la kwanza na siku maalumu ni wa kuufunga mlango huo. Nitrofurantoini imewekwa na Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la dawa za kutumika kwanza, wakati siprofloksasini iko kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalizi. Nikifuata mwongozo, ninalinda ile ya pili.

#26. Nyuki_Mtulivu

Ukifuata. Nami nakuamini wewe. Ua_la_Asubuhi hakukutana na wewe.

#27. Kijito_Baridi

Naomba kuuliza jambo lililo karibu. Watu husema wana «UTI sugu». Je, huo ndio usugu anaousema Nyuki?

#28. Darubini

Swali zuri, kwa sababu jina hilo moja limebeba mambo mawili. Wengi wakisema UTI sugu wanamaanisha inayorudi rudi. Maabara tukisema vimelea ni sugu tunamaanisha kwamba wameoteshwa, wakawekewa dawa, hawakufa. Mtu anaweza kurudiwa na UTI mara sita, na kila mara vimelea wake wakafa kwa dawa ya kawaida kabisa. Anayeuziwa dawa kali kwa sababu amesema «yangu ni sugu» anatibiwa neno.

#29. Mama_Pacha

Kama si usugu, basi inarudi kwa nini?

#30. Tabibu_Mstaafu

Mara nyingi ni maambukizi mapya kutoka kwenye ghala lile lile, yaani utumbo. Bakteria aitwaye E. coli ndiye anayesababisha karibu robo tatu au zaidi ya UTI nyepesi, na makao yake ni huko. Tendo la ndoa humsogeza. Dawa za kuua mbegu za kiume zinazopakwa ukeni huua bakteria walinzi na kumwachia nafasi. Baada ya ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni ikipungua, walinzi hao hupungua pia, na ndiyo maana estrojeni ya kupaka ukeni huwasaidia wanawake wa umri huo.

#31. Darubini

Wapo watafiti wanaoona kwamba baadhi ya bakteria hujificha ndani ya chembe za ukuta wa kibofu, antibiotiki inapita, nao wanatoka baadaye. Kwa panya limeonekana wazi. Mimi naliona lina uzito kuliko Tabibu anavyolipa.

#32. Msafiri_Mkimya

Mimi naamini ni maji tu. Watu hawanywi maji.

#33. Kalamu_Nyekundu

Msafiri hajakosea, ila tusizidishe. Kuna utafiti wa 2018 wa wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Walioongeza lita 1.5 kwa siku waliugua kwa wastani mara 1.7 kwa mwaka, na wasioongeza mara 3.2. Hiyo ni kinga kwa wanaokunywa kidogo, si tiba. Tunda la kranberi nalo, kwa mapitio ya tafiti ya 2023, linapunguza kurudiwa kwa baadhi ya wanawake, lakini halimtibu ambaye tayari anaumwa. Sukari ya D-manosi, inayouzwa sana kwa kazi hii, ilijaribiwa kwa wanawake 598 na matokeo ya 2024 hayakuonyesha faida.

#34. Mwandani

Nimerudi, wanajukwaa, na nina habari ambayo nadhani itawagawa tena.

Siku ya kumi baada ya kumaliza dawa, mkojo ulianza kuchoma upya. Nilirudi kwa mfamasia yule yule. Safari hii alikataa kunipa kitu chochote isipokuwa dawa ya maumivu, akaniandikia barua, akaniambia nikapimwe kwa kuotesha mkojo kabla ya kumeza antibiotiki nyingine. Shemeji alinisindikiza. Majibu yametoka leo: ni E. coli, ni sugu kwa trimethoprimu, lakini nitrofurantoini inamuua. Shemeji anasema hii inathibitisha kwamba siku tatu hazikutosha. Mimi sielewi. Kama dawa inamuua, mbona hakufa?

#35. Tabibu_Mstaafu

Kurudi ndani ya wiki mbili kunanifanya nidhani ni yule yule wa kwanza ambaye hakumalizika. Naelekea upande wa shemeji yako. Ningeomba pia upigwe picha ya figo na kibofu ikiwa itarudi mara ya tatu, kwa sababu jiwe dogo linaweza kuwa kiota.

#36. Darubini

Au alijificha, kama nilivyosema namba 31. Au ni mwingine kabisa. Kwa kuwa mkojo wa kwanza haukuoteshwa, hatuwezi kuwalinganisha, na hapo nakiri kwamba Tabibu alikuwa na hoja tangu mwanzo.

#37. Kinu_na_Mchi

Mwandani, nina maswali mawili kabla sijatoa maoni. Vidonge ulivimeza pamoja na chakula? Na katika siku zile tatu, ulitumia kitu chochote kingine, hata kile ambacho hukihesabu kuwa dawa?

#38. Mwandani

Chakula, ndiyo, isipokuwa asubuhi ya kwanza. Kingine hapana. Ila nina kiungulia cha muda mrefu, na kila usiku nakunywa ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza tumbo. Mfamasia aliniuliza kama natumia dawa nyingine, nikamjibu hapana.

#39. Kinu_na_Mchi

Soma maandishi ya chupa hiyo. Je, yanataja magnesiamu trisilikati?

#40. Mwandani

Yanataja.

#41. Kinu_na_Mchi

Hiyo hupunguza kiasi cha nitrofurantoini kinachoingia mwilini, na nitrofurantoini inapaswa kumezwa na chakula ili iingie vizuri. Inawezekana kwamba dozi tatu za usiku kati ya sita hazikufika kwenye kibofu kama zilivyokusudiwa. Sisemi ndiyo sababu, nasema inawezekana. Nasema pia kwamba mimi, kuanzia kesho, sitauliza «unatumia dawa nyingine» peke yake. Nitataja kiungulia kwa jina lake.

#42. Tabibu_Mstaafu

Hoja nzuri, Kinu, na sikuwa nimeifikiria. Bado nasema siku tano zingempa nafasi ya kukosea dozi tatu.

#43. Mwandani

Shemeji ameandika siku tano, na chupa nyeupe nimeiweka kabatini hadi nimalize. Amesoma namba 41 mwenyewe kwenye simu yangu, akanyamaza, kisha akaomba nimtafutie namba ya yule mfamasia.